Nani Afungue Faili la Usharika?

Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya makatibu, wahazini na wajumbe wa kamati za Mipango na Uchumi za sharika



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, yaani ni programu ipi inayofungua faili unapolibofya kwenye kompyuta, na jinsi ya kuibadilisha. Mjumbe anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya vijana na mafundi, kamati haina sababu ya kuyajadili. Naomba mnivumilie kidogo. Jambo hili limebeba fedha za washarika, kumbukumbu za ubatizo na ndoa, na jina jema la wahazini wetu. Mtume Paulo anawakumbusha Wakorintho kwamba wakili hupimwa kwa uaminifu wake. Siku hizi sehemu kubwa ya tulichokabidhiwa imo ndani ya mafaili, na ni vigumu kuwa wakili mwema wa kitu usichojua kinafunguliwaje.

1. Hali ilivyo sharikani

Kila robo mwaka, wiki ya kufunga taarifa, simu za ofisi ya miradi haziishi. Wengi wanasema maneno yaleyale: "Faili halifunguki." Mmoja anabofya taarifa, inakuja picha. Mwingine anabofya orodha ya wanufaika, zinakuja herufi zisizosomeka. Wa tatu anaulizwa na kompyuta achague programu, naye kwa haraka anagusa ya kwanza anayoiona.

Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, kijana aliyeazima kompyuta alichagua programu isiyofaa kufungulia faili la maandishi, kisha akathibitisha kwamba iwe hivyo siku zote. Kesho yake katibu alikuta mafaili yote ya aina ile yamebadilika alama, na kila alilolibofya lilijaza skrini herufi za ajabu. Alikimbilia kwa fundi mjini. Fundi alisema ni virusi, akafuta kila kitu na kuipanga kompyuta upya, kwa malipo. Kompyuta ilirudi safi kabisa. Rejista ya ubatizo na kipaimara ya miaka mitatu, ambayo haikuwa imechapishwa wala kunakiliwa mahali pengine, haikurudi.

Ndugu zangu, mafaili yale hayakuwa na ugonjwa wowote. Kilichobadilika ni programu iliyotajwa kuyafungua. Kuirekebisha kungechukua dakika moja, bila kulipa hata shilingi.

2. Kompyuta inajuaje faili lifunguliwe na nini?

Jina la faili lina sehemu mbili zilizotenganishwa na nukta. Sehemu ya kwanza ni jina ulilolipa wewe, kwa mfano "Matoleo Machi". Sehemu ya pili ni herufi chache za mwisho, ambazo hapa nitaziita mkia. Mkia wa .docx ni wa maandishi ya Word, .xlsx ni jedwali la Excel, .odt na .ods ni maandishi na majedwali ya LibreOffice, .pdf ni hati iliyotayarishwa kusomwa na kuchapwa, .jpg ni picha, na .csv ni orodha ya maandishi matupu ambamo kila kipengele hutenganishwa na mkato.

Mnawajua wazee wa zamu wanaosimama mlangoni Jumapili. Mgeni akifika, mzee anamtazama na kumwelekeza: wanakwaya kule mbele, watoto kwenye Shule ya Jumapili, wageni wetu hapa. Kompyuta ya Windows inafanya kazi kama hiyo. Ndani yake ina orodha inayosema kwamba mkia fulani uelekezwe kwa programu fulani. Unapobofya faili mara mbili, kompyuta haisomi kwanza yaliyomo. Inatazama mkia, inaangalia orodha yake, kisha inalipeleka faili kwa programu iliyoandikwa hapo.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. Kwanza, orodha hiyo haimo ndani ya faili, imo kwenye kompyuta. Ndiyo maana faili lilelile hufunguka vizuri ofisini kwetu na kukataa usharikani kwenu. Pili, orodha hiyo ni ya mwenye kompyuta. Zamani programu mpya iliweza kujiandikisha yenyewe bila kumwuliza mtu. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo unataka chaguo hilo lithibitishwe na mtumiaji mwenyewe. Kwa hiyo mwenye neno la mwisho ni ninyi, ilimradi mjue kwamba neno hilo mnalo.

Kipimo rahisi ni hiki. Faili moja likikataa huku mengine ya mkia uleule yanafunguka, basi tatizo huenda liko kwenye faili hilo. Lakini mafaili yote ya mkia mmoja yakigeuka sura kwa siku moja, karibu kila mara ni orodha ya mlangoni iliyobadilishwa. Aidha, ukiona skrini imejaa herufi za ajabu zinazoanza na PK, usiogope. Faili la .docx au .xlsx kwa ndani ni kifurushi kilichobanwa kwa utaratibu wa ZIP, na PK ni herufi za kwanza za jina la Phil Katz aliyeubuni utaratibu huo mwaka 1989. Hiyo ni dalili kwamba faili limepelekwa kwa programu isiyoweza kulisoma, kwa mfano Notepad. Usilihifadhi kutoka hapo. Lifunge bila kubadilisha chochote.

3. Hatua za kubadilisha

Kwa wanaotumia Windows 10 au Windows 11, hatua ni hizi:

Hatua ya kwanza: weka mshale juu ya faili, kisha bofya mara moja kwa kitufe cha kulia cha kipanya. Orodha itafunguka.

Hatua ya pili: chagua mstari ulioandikwa "Open with", na ndani yake "Choose another app". Utaona programu zilizomo kwenye kompyuta yako.

Hatua ya tatu: gusa programu unayoitaka. Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha "Always", maana yake siku zote. Kwenye Windows 10 weka alama kwenye kisanduku kidogo kilicho chini ya orodha, kisha bonyeza "OK".

Ukitaka kujaribu mara moja tu, kwenye Windows 11 bonyeza "Just once". Kwenye Windows 10 acha kisanduku kile kitupu. Huo ni utaratibu mzuri kwa mtu asiye na uhakika: jaribu mara moja, uone, ndipo uamue. Ukikosea, rudia hatua zilezile na uchague nyingine. Kubadilisha programu ya kufungulia hakugusi hata herufi moja ndani ya faili.

Kwenye kompyuta za Apple, bofya faili mara moja, chagua "Get Info", nenda sehemu ya "Open with", chagua programu, kisha bonyeza "Change All" ili mafaili yote ya aina hiyo yafuate. Kwenye simu za Android, simu ikiuliza ufungue hati kwa programu ipi, chagua mara hii tu mpaka ujue ipi inafaa. Kama ulikwisha kuchagua vibaya, ingia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya programu, ifungue programu inayong'ang'ania mafaili yako, kisha ufute chaguo-msingi lake.

Jambo moja zaidi kwa ofisi ambazo katibu na mhazini wanatumia kompyuta moja. Kama kila mmoja anaingia kwa jina na nywila yake, kila mmoja ana orodha yake. Aliyobadilisha katibu hayamfuati mhazini. Kila mtu apange ya kwake.

4. Orodha za namba: mahali pa hatari

Sasa naomba kamati zinisikilize kwa makini, kwa sababu hapa tunaingia kwenye fedha na majina ya watu.

Benki na kampuni za simu hutoa taarifa za miamala kama faili la .csv. Orodha za wanufaika kutoka kwenye mifumo ya miradi mara nyingi nazo ni .csv. Excel ikiwamo kwenye kompyuta, kwa kawaida ndiyo iliyotajwa kufungua mkia huo. Mhazini anabofya mara mbili, jedwali linafunguka vizuri, naye anaendelea na kazi. Lakini Excel imekwisha kukisia kila safu ni kitu gani, na kukisia huko kunaacha hasara.

Namba ya simu inayoanza na sifuri hupoteza sifuri hiyo. Namba ya bahasha 0045 huwa 45. Akaunti ya benki inayoanza na sifuri hupungua tarakimu. Namba ya simu iliyoandikwa kwa 255, yenye tarakimu 12, huonekana kama 2.55 na herufi E, na mtu akilihifadhi faili tena kama .csv, kinachoandikwa ni kile kilichoonekana. Kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, tarehe 4/3 tuliyoiandika sisi kwa maana ya Machi 4 husomwa kuwa Aprili 3.

Lililo zito zaidi ni namba ya Kitambulisho cha Taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zinazobaki huzigeuza sifuri. Kwa hiyo namba ya NIDA iliyoandikwa mfululizo bila vistari, ikifunguliwa kwa kubofya tu, hupoteza tarakimu tano za mwisho. Watu wawili ambao namba zao zinatofautiana katika tarakimu hizo wataonekana kama mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili.

Mnaona jambo hili linakoelekea. Mkaguzi anafungua orodha ya walezi wa watoto waliopata sare na madaftari. Anakuta namba zinazojirudia, namba zinazoishia sifuri, simu zisizopatikana. Anaandika kwamba kuna wanufaika hewa. Kamati inamwita mhazini. Mke wake anasikia sokoni kwamba mumewe amekula fedha za yatima. Kumbe orodha ilipotoka kwenye mfumo ilikuwa sahihi, na waliozila tarakimu si watu, ni programu iliyofungua faili.

Sisemi kwamba kila kasoro ni ya kompyuta. Wizi upo, na tukiuona tuuite kwa jina lake. Nasema kwamba kabla ya kumshuku ndugu yako kwa sababu ya namba, uliza swali moja: faili hili lilifunguliwa na programu gani, na nakala ya asili iko wapi?

Dawa ni kubadilisha programu ya kufungulia mkia wa .csv. Napendekeza uelekezwe kwa LibreOffice Calc. Si kwamba Calc haina mpaka. Nayo ikisoma tarakimu 20 kama namba itazipoteza vilevile. Tofauti ni kwamba Calc haikisii kimya kimya. Kabla ya kufungua, inaleta dirisha linaloonyesha safu zote na kukuuliza kila moja ichukuliwe vipi. Hapo unabofya kichwa cha safu ya simu, ya akaunti, ya NIDA, na kila moja unaichagulia "Text", yaani maandishi. Kwa safu ya tarehe unachagua mpangilio wa siku, mwezi, mwaka. Ukisha kukubali, hifadhi kazi yako kwa jina jipya kama .xlsx au .ods, na lile faili la asili la .csv uliache kama lilivyo.

Wanaopenda kuendelea na Excel wasibofye faili mara mbili. Wafungue jedwali tupu, waingie sehemu ya "Data", walete faili kutoka hapo na kuchagua aina ya kila safu. Aidha, matoleo mapya ya Excel tangu mwaka 2023 yana mahali pa kuzuia ukisiaji huo katika mipangilio yake. Njia ni nyingi, lakini kanuni ni moja: yeyote anayefungua orodha ya watu awe ameamua mwenyewe namba zitasomwaje.

5. Kubadilisha mkia si kubadilisha faili

Wapo wanaodhani kwamba faili likikataa kufunguka, dawa ni kulibadilisha jina, mkia uwe mwingine. Kopo la sukari ukilibandika karatasi iliyoandikwa chumvi, haliwi chumvi. Utaharibu mboga tu. Marafiki zetu wanaotumia kompyuta za Apple wakitutumia hati yenye mkia wa .pages, kuiandika .docx hakutaifanya ifunguke kwenye Word. Anayeweza kuigeuza kweli ni programu inayoielewa, kwa kuihifadhi upya katika aina nyingine. Kwa hiyo tumwandikie mtumaji kwa upole, tumwombe aitume kama .pdf au .docx.

Aina ya faili ina mipaka yake halisi. Mwezi Oktoba 2020 huko Uingereza, wakati wa janga la korona, ilibainika kwamba karibu wagonjwa 16,000 hawakuingia kwenye takwimu za kila siku kwa wakati wake. Matokeo ya maabara yalikuja kama .csv na kuingizwa kwenye majedwali ya mkia wa zamani wa .xls, ambao mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi hayakuingia. Mkia wa .xlsx, uliokuja na Office 2007, unafika mistari 1,048,576. Kama nchi yenye wataalamu wengi kiasi hicho imeumizwa na herufi za mwisho za jina la faili, usharika wenye kompyuta moja usijidharau kwa kulichukua jambo hili kwa uzito.

6. Mlango na usalama

Mei 4, 2000, kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilianza kuenea duniani kwa baruapepe. Kilikuja kama barua ya mapenzi, na jina la faili lilionekana kuishia na TXT, yaani maandishi ya kawaida. Mkia halisi ulikuwa .vbs, ambao ni wa maagizo kwa kompyuta, lakini Windows ilikuwa ikiuficha. Mtu alibofya akidhani anasoma barua, kumbe ameiamuru kompyuta itume barua ileile kwa watu wote anaoandikiana nao.

Windows bado huficha mikia kwa desturi yake. Tuionyeshe. Kwenye Windows 11, fungua folda yoyote, bonyeza "View", kisha "Show", kisha uweke alama kwenye "File name extensions". Kwenye Windows 10 kisanduku hicho kimo ndani ya "View" moja kwa moja. Kuanzia hapo, faili linalojiita Risiti.pdf.exe litaonekana lilivyo, na mtajua kwamba si risiti.

Aidha, hatua zilezile za kubadilisha programu zinaweza kuwa ulinzi. Mikia ya .vbs na .js haina kazi yoyote katika ofisi ya usharika. Ukiielekeza kwa Notepad, basi siku mtu akibofya faili la namna hiyo kwa bahati mbaya, maagizo yatasomwa kama maandishi tu, wala hayatatekelezwa. Lakini mkia wa .exe usiuguse kamwe, kwa kuwa programu zenyewe zinaanzia hapo.

7. Kuhusu programu tunazotumia

Naomba niseme wazi juu ya nakala za wizi. Kompyuta nyingi za sharika zina Office iliyowekwa na fundi kwa kuvunja kufuli yake. Katika Katekisimu Ndogo, amri ya saba hatuifundishi watoto wa kipaimara kwa ajili ya kuku na mahindi peke yake. Tena vifaa hivyo vya kuvunjia kufuli ni njia inayojulikana ya kuingiza virusi.

Usharika usioweza kununua leseni hauna haja ya kuiba. LibreOffice, inayotunzwa na The Document Foundation tangu mwaka 2010, hutolewa bure kihalali. Asili yake ni OpenOffice.org, programu ambayo mwaka 2004 ilipata toleo la Kiswahili lililoitwa Jambo OpenOffice, kwa kazi iliyohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Inafungua .docx na .xlsx, ingawa hati yenye mapambo mengi yaweza kusogea kidogo. Inafungua pia mafaili mengi ya zamani. Baadhi ya kompyuta tulizosaidiwa miaka ya nyuma zilikuja na Microsoft Works, ambayo mtengenezaji aliiacha zamani, na barua zake zina mkia wa .wps. Msizifute kwa kuwa hazifunguki. Zielekezeni kwa LibreOffice mjaribu, na zikifunguka, zihifadhini upya.

Kuna aina za mafaili ambazo kanuni zake zimechapishwa kama viwango vya kimataifa, ili programu yoyote iweze kuzisoma. Mikia ya .odt na .ods ilipata kiwango cha ISO mwaka 2006, na .docx, .xlsx pamoja na .pdf mwaka 2008. Rejista ya ndoa itatafutwa baada ya miaka 40. Programu ya leo huenda isiwepo. Tuiandike katika aina ambayo mwingine ataweza kuifungua, na tuichape kwenye karatasi pia.

8. Mapendekezo

Kwa kamati za sharika napendekeza maazimio matano:

Kwanza, katika mwezi huu kila kompyuta ya usharika ionyeshe mikia ya mafaili, na mkia wa .csv uelekezwe kwa programu inayouliza kabla ya kufungua.

Pili, kila orodha inayotoka benki, kwenye kampuni ya simu au kwenye mfumo wa mradi itunzwe kwanza kama ilivyokuja, ndani ya folda inayoitwa Asili, ambayo hakuna anayehariri kitu ndani yake.

Tatu, pasiwepo fundi atakayefuta kompyuta kabla ya mafaili kunakiliwa kwenye flashi mbili, na kabla katibu hajajaribu hatua tatu nilizozitaja.

Nne, taarifa zinazokwenda nje zitumwe kama .pdf kwa kusomwa, pamoja na .xlsx au .ods kwa ajili ya hesabu.

Tano, mhazini asihojiwe kwa namba zenye kasoro mpaka nakala ya asili ifunguliwe mbele yake na mbele ya mjumbe mwingine.

Kwa wafadhili na marafiki zetu nina maombi mawili. Mnapotutumia fomu za bajeti na taarifa, ziwe za aina inayofunguka hata pasipo leseni ya kulipia. Fomu inayofunguka katika programu moja tu ya gharama inamsukuma mhazini wa kijijini kwenye nakala ya wizi, jambo ambalo najua hamkulikusudia. Ombi la pili ni kwamba wakaguzi wenu, wanapokuta simu zisizo na sifuri na namba za NIDA zinazoishia sifuri tano, watuulize faili la asili kabla ya kuandika hitimisho.

Wapendwa, faili si mali ya programu iliyolifungua jana. Ni mali ya usharika, na lililomo ni majina ya watu waliobatizwa, matoleo ya mjane, na jasho la mkulima aliyetimiza ahadi yake. Chaguo la nani alifungue tunalo mikononi. Kila katibu na mhazini aliyeko hapa, kabla ya chakula cha mchana, akae kwenye mojawapo ya kompyuta zile tatu pale nyuma na kufanya zile hatua tatu mwenyewe, kwa mkono wake.